Mwani Mbichi si Mwani Safi

Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna desturi ya kufika karamuni sufuria zikiwa zimekwisha kuoshwa. Programu ya simu hutengenezwa, ikasambazwa, ikazoeleka mikononi mwa watu, ndipo tunapoitwaa na kuikagua: hapa upatanisho wa kisarufi umevunjika, hapa tafsiri ni sisisi, hapa pana neno ambalo hata aliyeliunda halitumii nyumbani kwake. Malalamiko yetu mara nyingi ni ya haki, ila yanachelewa. Nadai katika makala haya kwamba ipo hatua ya mapema, kabla programu haijawa programu, ambapo maneno yake huamuliwa. Kwamba hatua hiyo ni kazi ya uandishi kuliko ilivyo kazi ya ufundi. Na kwamba malenga na walimu wa lugha bado hatujaonekana pale.

Nieleze kwanza jambo lenyewe. Kompyuta inayohifadhi habari, tuseme orodha ya wavuvi na mauzo yao, haizungumzi ovyo na kila ajaye. Ina dirisha lake, ambalo wataalamu huliita kiolesura cha programu. Programu nyingine ikiwa na haja huja dirishani, ikauliza kwa namna iliyokubaliwa na ikajibiwa kwa namna iliyokubaliwa. Aliyewahi kusimama katika mnada wa samaki ufukweni Bagamoyo atanielewa upesi: dalali hana muda wa hadithi, ana bei, ana idadi, ana jina la mnunuzi, na asiyejua utaratibu atabaki akitazama kolekole wakichukuliwa na wenzake. Utaratibu wa dirisha hilo huandikwa katika waraka. Humo mna maswali yanayoruhusiwa, majina ya vitu, sura ya majibu, na maelezo mafupi ya kila kimoja. Waraka huo ni maandishi matupu. Mtu yeyote mwenye subira aweza kuusoma.

Sasa maajabu. Waraka ukikamilika, ipo programu ambayo kazi yake ni kuusoma na kutunga programu nyingine kutokana nao. Hutunga maktaba, yaani mafungu ya msimbo ulio tayari kutumiwa, kwa waandishi wanaotumia Python, Java, PHP na lugha nyingine nyingi za kompyuta. Hutunga pia zana za amri, zile ambazo mtu huandika neno kwenye skrini nyeusi, akabonyeza kitufe, akapata jibu lake bila picha wala mapambo. Hutunga na kurasa za msaada zinazomweleza mtumiaji kila amri ina maana gani. Yote hayo hufanyika katika muda usiotosha kuchemsha chai, wala hakuna binadamu anayeyapitia neno kwa neno.

Yafaa wasomaji wa ukurasa huu wajue kwamba mtindo huu ulizaliwa katika nyumba ya kamusi. Wordnik ni kamusi ya Kiingereza ya mtandaoni nchini Marekani. Mhandisi wake, Tony Tam, alibuni namna ya kuandika nyaraka hizi akaiita Swagger, ikatolewa kwa umma mwaka 2011, kwa sababu walitaka maelezo ya huduma yao na maktaba zake zitoke pamoja katika chanzo kimoja. Mwaka 2015 ilikabidhiwa kwa umoja ulio chini ya Linux Foundation, na tangu 2016 inaitwa OpenAPI. Mwaka 2018 kundi la waliokuwa wakiendeleza programu ya kutungia lilijitenga likaanzisha yake, OpenAPI Generator, ambayo leo inatumika sana. Watunga kamusi ndio waliotutangulia mahali hapa, basi sioni kwa nini sisi tujione wageni.

Nilipata kuyajua haya kwa sababu ya mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kikaenea hata pwani ya bara, na vijiji kama Mlingotini, kusini kidogo ya mji wetu, vimekuwa na wakulima wake kwa miaka mingi. Wengi wao ni wanawake. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anaandika programu Dar es Salaam, alinijia nyumbani na kompyuta yake. Baada ya shikamoo na kuniuliza habari za magoti, akanieleza kwamba alikuwa ameitwa kuinusuru programu ya wanunuzi fulani wa mwani katika pwani hii. “Mwalimu,” akasema, “hesabu zote ni sahihi, lakini akina mama wanasema wanadhulumiwa.”

Waraka wa programu ile ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza na watu wengine kabla yake. Mwani uliwekwa katika hali mbili: uliokauka, na ule ambao umetoka majini sasa hivi. Hali ya pili ilielezwa kwa neno la Kiingereza ambalo huweza kumaanisha kitu kipya, kitu kisichochacha, hewa nzuri, maji yasiyo ya chumvi, na mengine. Maelezo yalipitishwa katika mashine ya tafsiri, nayo ikachagua “safi”. Kisha programu ya kutungia ikausoma waraka na kutii. Programu ya simu ya mnunuzi ikaandika “mwani safi” na “mwani mkavu”. Zana ya amri ya karani ghalani ikaandika vivyo hivyo. Maktaba ya mhasibu nayo ikafuata. Sehemu tatu, kosa moja, siku moja.

Katika pwani hii, kilicho safi ni kisicho na uchafu. Mkulima aliyeanika mwani wake juu ya chanja, akaukung’uta mchanga, akachambua majani ya baharini yasiyotakiwa, ana mwani safi, na mkavu vilevile. Karani wa ghala alikuwa mtu mwaminifu, tena msomaji mzuri wa Kiswahili, na uaminifu wake ndio ulioponza: kila alipoletewa mzigo uliochambuliwa vizuri aliuandika chini ya “safi”, na mashine ikakokotoa bei ya mwani mbichi. Mwani hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake ukikauka, kwa hiyo kilo moja ya mkavu hulipwa mara kadhaa zaidi ya kilo ya mbichi. Waliofanya kazi kwa uangalifu zaidi ndio waliolipwa kidogo zaidi. Mmoja wao aliuliza swali ambalo kijana wangu alilinukuu kwa aibu: “Kwani ningeleta mchafu ndio mngenilipa vizuri?”

Marekebisho yalichukua dakika chache. Kijana alifungua waraka, akafuta “safi”, akaandika “mbichi”, akaitungisha programu upya. Jioni ile simu, zana ya karani na maktaba ya mhasibu zote zilisema mwani mbichi, kama asemavyo kila mtu kuanzia Mbegani hadi Saadani. Tofauti ya malipo ilirudishwa katika ununuzi uliofuata.

Mfereji ule ule uliopeleka kosa ndio uliopeleka sahihisho, na sina ugomvi na mfereji. Ila nakumbuka tafsiri za zamani, zilizofanywa kwa mkono. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 ulilazimika kwanza kukaa chini na kujenga faharasa ya istilahi, watu wa kompyuta na watu wa lugha wakibishana juu ya neno moja moja. Kazi ile ilikuwa na kitu ambacho programu ya kutungia haina, nacho ni kusita. Mfasiri aliyekulia karibu na bahari angefika kwenye “mwani safi”, kalamu ingegoma. Mashine haisiti. Kwa hiyo kusita kote hakuna budi kufanyike mapema, wakati waraka unaandikwa, na kufanywe na watu wanaojua tofauti.

Majina nayo yana msiba wake. Maelezo husomwa na mtumiaji, lakini majina ya vitu na vitendo husomwa na waandishi wa programu, na wengi wao sasa ni vijana wetu. Mwandishi wa waraka akitaja njia ya “wavuvi” na namba ya mvuvi mmoja, lakini asikipe kitendo chenyewe jina, programu ya kutungia hukibatiza yenyewe. Nimeoneshwa zao lake: wavuviIdGet. Kichwa cha Mswahili, mkia wa Mwingereza, na katikati kifupisho. Kijana aliniambia jina hilo halina ubaya, linafanya kazi. Nikamjibu kwamba hata mtoto anayeitwa “Wewe” huitika.

Wingi ni tatizo jingine. Baadhi ya programu za kutungia zimefundishwa kwamba wingi hukaa mwisho wa neno. Zikikuta orodha iitwayo “vyombo” hutafuta ile s ya Kiingereza ili ziiondoe na kupata umoja. Zisipoiona husalimu amri, na kila chombo kimoja nacho huitwa “vyombo”. Katika ngeli zetu wingi hukaa mlangoni: chombo, vyombo, mvuvi, wavuvi, mnada, minada. Na samaki hubaki samaki. Dawa yake ipo na ni rahisi, kwa kuwa waraka humruhusu mwandishi kutaja mwenyewe jina la kitu kimoja, lakini lazima awepo mtu aliyewaza kulitaja.

Kisha ipo ritifaa. Hapa naomba malenga wanisikilize kwa makini. Lugha nyingi za kompyuta haziruhusu alama hiyo ndani ya jina, kwa hiyo programu ya kutungia huitupa kimya kimya. Katika waraka wa mwani palikuwa na kitendo cha kuondoa vigingi shambani, yaani kung’oa. Kilipotoka upande wa pili kilikuwa kimekuwa “ngoa”. Msomaji wa mashairi hahitaji kuelezwa kwamba ng’oa na ngoa si ndugu: moja hutoa kigingi mchangani, nyingine humlaza mtu macho kwa wivu na tamaa. Kwenye skrini ya amri mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu alama ile huchukuliwa kuwa mwanzo wa nukuu. Ukiandika ng’ombe ukabonyeza kitufe, kompyuta hukaa ikisubiri ufunge nukuu ambayo hukuifungua. Nasikia ipo lugha moja, Haskell, inayoikubali ritifaa ndani ya majina bila manung’uniko. Niliposikia hivyo nilitamani kuijua, nikakumbuka umri wangu.

Nini kifanyike kuhusu ng’? Wengine wangependa tuiache. Mimi nasema jina la kitendo lichaguliwe neno jingine la asili, “ondoa” kwa mfano, na maelezo yabaki na “kung’oa” kama watu wanavyosema. Kuharibu tahajia ili mashine iridhike ni kuanza safari ambayo hatujui mwisho wake.

Nasema hatujui mwisho wake, ingawa mwanzo wake tunaujua, kwa maana Kiswahili chenyewe kiliwahi kupitishwa katika waraka wa namna hii. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha shule. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na vitabu vya shule vikawa vinapitiwa nayo ili vifuate kanuni moja. Katika nchi nne kitabu kilichotoka kilikuwa na sura ile ile ya maneno. Faida yake siikani. Nimeishi kwayo, nimefundisha walimu kwayo. Lakini washairi wa Mombasa waliokuwa wakisema “ndoo” kwa njoo na “mato” kwa macho waliambiwa, kwa kweli, kwamba lugha yao haimo katika waraka. Kamusi ya Frederick Johnson iliyosimamiwa na Kamati ilitoka 1939. Mwaka huo huo huko Paris ilianza kuchapishwa kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya Padri Charles Sacleux, aliyekaa Zanzibar na hapa Bagamoyo, na ambaye alijaza humo lahaja za pwani na majina ya mimea na ya bahari kwa wingi wa kushangaza. Kamusi ya kwanza ilienda shuleni. Ya pili ilibaki kwa wataalamu. Ninapotafuta neno la mvuvi ambalo kamusi za shule hazina, naenda kwa Sacleux, na mara nyingi nalikuta.

Wanaoandika nyaraka za violesura leo wana mamlaka yanayofanana na ya Kamati ile, ila wengi hawajui kwamba wanayo. Tazama fedha za simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na dirisha lake kwa waandishi wa programu nchini Kenya, lililofunguliwa 2017, lina jina zuri la Daraja. Vijana wameliandikia maktaba nyingi kwa lugha mbalimbali za kompyuta. Jina la lango ni Kiswahili. Ndani, majina ya karibu kila kitu ni Kiingereza, isipokuwa lile la “Lipa na M-Pesa”. Sikiliza kihusishi hicho. Sisi huku tumezoea kulipa kwa fedha, kwa simu, kwa M-Pesa. “Lipa na” sikioni mwangu humfanya M-Pesa kuwa mwenzangu ambaye tunachangia bili. Wenzetu wa Kenya wanaweza kunijibu kwamba ndivyo wasemavyo, na huenda wana hoja. Lakini kihusishi kimoja kilichoamuliwa mara moja kimeandikwa kwenye kuta za maduka na ndani ya msimbo kuanzia Vanga hadi Turkana, na mjadala umefungwa bila kufunguliwa.

Hoja kubwa dhidi yangu ni kwamba Kiingereza ndicho kinachowaunganisha waandishi wa programu duniani, na waraka wenye majina ya Kiswahili utamfungia mlango mtu wa Bangalore au Lagos. Naikubali kwa nusu. Maneno ya ufundi yaliyo ya watu wote, yabaki yalivyo. Hata waraka wa OpenAPI wenyewe una maneno yake ya Kiingereza ambayo hayabadiliki, na sina haja ya kuyagombania. Lakini vitu vyetu vibaki na majina yetu. Chukua “mtaa”. Katika miji ya Tanzania mtaa ni ngazi ya utawala, una mwenyekiti na ofisi, na vilevile ni eneo ambalo watu wanakaa. Waraka ukiuita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya barabara yenye nyumba, tafsiri ya kurudi itatuletea mwenyekiti wa barabara. Kitongoji, kata, tarafa, na shehia kwa ndugu zetu wa Zanzibar, hayo ni maneno yenye sheria nyuma yake. Mtu wa Bangalore anayetaka kuuza huduma yake kwetu ajifunze maneno sita. Sisi tulijifunza yake maelfu.

Na kwa nini nasema malenga? Kwa sababu ya ufupi. Kila kitendo katika waraka hupewa mstari mmoja wa muhtasari, na mstari huo ndio utakaotokea katika orodha ya amri, mwingine chini ya mwingine, kwenye skrini nyembamba. Ukizidi, hukatwa. Ukipwaya, haufahamiki. Nani aliyezoea kubana maana katika kipande cha mizani nane bila kuiua, kama si mtunzi wa tarbia? Nimeona mihtasari ya wahandisi inayoanza na “Kitendo hiki kinatumika kwa ajili ya kuweza kufanya”, na kabla hatujajua kinafanya nini nafasi imekwisha. Mshairi angeandika “Pima mzigo wa mwani” akaenda kulala.

Vyama vyetu, UKUTA na vingine, hukutana kujadili vina na istilahi. Ningefurahi siku moja kuona mezani waraka wa kiolesura, mmoja tu, wa huduma inayowagusa watu, ukisomwa kwa sauti kama tunavyosoma beti, na kila neno linaloumiza sikio likisimamishwa. Vijana waandikao programu hawatatukataa. Yule wangu ameniachia waraka wote wa mwani niupitie kwa kalamu nyekundu.

Niko katikati. Palipoandikwa “awamu ya maji” nimeweka bamvua na maji mafu, kwa kuwa hakuna mkulima anayekwenda shambani kwa awamu. Zile kamba ndogo za kufungia mbegu alikuwa ameziita “vifungio”, neno zuri ambalo hakuna anayelitumia. Nimerudisha taitai, kama zinavyoitwa na wenyewe, japo najua lilikotoka. Palikuwa na kitendo cha kuweka mwani juani, nacho ni kuanika. Kitendo cha pili, cha kuukusanya kutoka juani mvua ikitishia au ukishakauka, Kiingereza kilikuwa kimekieleza kwa maneno manne, na tafsiri kwa sita. Nimeyafuta yote sita nikaandika “anua”. Kijana alinipigia simu kuuliza kama neno hilo lipo kweli. Nikamwambia amuulize mama yake.